Kigango Bila Jina: Chuo Kikuu, Elimu na Umiliki



Hoja ninayoileta mbele yenu ni moja. Chuo kikuu hakihitaji kumiliki kitu ili kukifundisha. Na zipo hali ambamo umiliki wenyewe ndio unaoizima elimu ambayo chuo kinadai kuilinda. Nalisema hili kwa sababu kila linapozuka suala la vitu vya Afrika vilivyomo katika makumbusho ya ng'ambo, vyuo vikuu hujitenga na wengine. Makumbusho ya taifa, hudai, yanaweza kulaumiwa kwa kulimbikiza fahari za dola. Lakini sisi tunavitunza vitu hivi kwa ajili ya utafiti na wanafunzi, na atakayevitoa atakuwa amewafungia vijana darasa. Utetezi huo nitaupima kwa uzito unaostahili, maana kazi ya elimu ni kazi ya heshima. Nitaupima kwa mfano ulio karibu nasi, wa vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ambavyo kwa miaka mingi vimesimama au kulazwa katika majengo ya vyuo vya Marekani kama vielelezo vya sanaa ya Afrika.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu iliyochongwa bapa, nyingine ikifikia au kupita kimo cha mtu. Kichwa chake mara nyingi ni duara, na kiwiliwili hukatwa nakshi za pembetatu ndogo ndogo zinazofuatana kwa safu. Husimamishwa, hasa na Wagiriama na jirani zao miongoni mwa Wamijikenda, kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa gohu, chama cha wazee wenye mali na hadhi. Asiyekuwa wa gohu hukumbukwa kwa kijiti kidogo cha koma. Wala kigango hakisimamishwi siku ya maziko. Hungojewa mpaka marehemu mwenyewe adai, kwa kumjia ndugu au mwana katika ndoto, au kwa maradhi na mikosi ambayo mganga huieleza kuwa ni ya mzee anayetaka mahali pake. Kikishasimama hufungwa vitambaa, humwagiwa mnazi, na wazee huzungumza nacho habari za mji. Tena hakiondolewi. Ukoo ukihamia shamba jingine, kigango hubaki pale pale, mvua na mchwa wakifanya kazi yao. Kwa hiyo tunapokitazama kigango hatutazami sura ya mzee yeyote wa Kigiriama. Tunatazama mahali pa mtu mmoja, mwenye jina lake, aliyesimamishiwa kigango na watu wanaojulikana, kwa sababu inayojulikana. Ukiondoa jina, ndugu na mahali, kinachobaki ni mti wenye nakshi.

Kuanzia miaka ya 1970, utalii ulipokuwa ukipanuka pwani, vigango vilianza kutoweka mashambani. Vijana waliokosa kazi walilipwa fedha kidogo kuving'oa usiku; wafanyabiashara wa vinyago wakavipitisha madukani; majumba ya sanaa ya Marekani yakaviuza kwa maelfu ya dola. Wanunuzi wengi hawakukaa navyo sana. Sheria za kodi za Marekani humruhusu anayetoa zawadi kwa makumbusho kupunguziwa kodi kwa kadiri ya thamani ya zawadi hiyo, na chuo kisicho na bajeti ya kununua sanaa hupokea zawadi kwa furaha. Hivyo muuzaji alipata faida, mtoaji alipata nafuu ya kodi, na chuo kilipata mkusanyo. Wenye mji hawakupata kitu, na hawakuulizwa. Katika safari hiyo yote hakuna aliyekuwa na sababu ya kuandika jina la marehemu wala la kijiji. Kinyume chake, kila aliyepokea kigango alikuwa salama zaidi kadiri alivyojua machache. Hapo ndipo elimu ilipoharibika, na iliharibika kabla kitu hakijafika chuoni.

Tunajua haya kwa uhakika kwa sababu ya kisa kimoja kilichoandikwa vizuri. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliotangulia. Miezi michache baadaye vigango hivyo vilikuwa vimeibwa. Mzee Kalume alifariki mwaka 1987 bila kuviona tena. Mwaka 1999 Udvardy alikitambua kimojawapo katika picha za mkusanyo wa makumbusho ya Illinois State University, mkusanyo ambao mtafiti mwenzake Linda Giles aliufanyia kazi. Cha pili kikaonekana katika makumbusho ya Hampton University, jimbo la Virginia. Watafiti hao wawili, pamoja na John Baya Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao mwaka 2003 katika jarida la American Anthropologist. Walivifuatilia vigango kwa mamia katika makumbusho 19 ya Marekani. Hampton peke yake ilikuwa na 99. Ikapita miaka mingine kabla vigango vya Mwakiru kurejeshwa Kenya, kati ya 2006 na 2007, zaidi ya miaka ishirini baada ya kung'olewa.

Tazameni ni nini hasa kilichofanya vigango hivyo viwili vijulikane. Si vipimo vilivyochukuliwa maabara, wala si kadi za maelezo, ambazo kwa kawaida hutaja kabila, nchi na aina ya mti, basi. Ni picha iliyopigwa mahali pake, mbele ya mtu mwenye habari yake, na uhusiano wa mtafiti na mji ule. Vigango vilikaa ghalani kwa miaka mingi, vikiwa mikononi mwa wasomi, ndani ya taasisi zenye maktaba na idara za anthropolojia, bila kumfundisha yeyote jambo la kweli kuhusu ndugu wawili wa Kalume. Umiliki haukuleta ujuzi. Ujuzi ulipokuja ulitoka pwani, na mara ulipokuja ukadai kitu kirudi. Kwa kweli sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kuhusu biashara ya vigango, njia zake na madhara yake, tumeyajua kwa sababu watu waliuliza swali la kurejesha. Bila swali hilo kadi ingeendelea kusema kabila, nchi na mti.

Upande wa pili wa ushahidi huu unauma zaidi. Mkusanyo wa Illinois State University ulihamia Illinois State Museum, na mwaka 2023 makumbusho hayo yaliviachilia vigango 37 vilivyosalia virudi Kenya. Makumbusho ya mambo ya asili ya Denver nayo yalikabidhi umiliki wa vigango 30 mwaka 2014, ingawa vilifika Nairobi mwaka 2019 tu. Hatua zote mbili ni za kupongezwa. Lakini vingi vya vigango hivyo havina wa kuvipokea, kwa sababu haijulikani viling'olewa mji gani wala vilikuwa vya nani. Kosa lililofanyika usiku mmoja shambani likathibitishwa na kila rejista iliyokubali kuandika kitu bila kuuliza kimetoka wapi. Mwanafunzi wa historia ya sanaa anayefundishwa kuisoma rejista ya makumbusho anapaswa kufundishwa pia kwamba nafasi iliyoachwa wazi katika rejista ni tendo la mtu aliyekubali kuiacha wazi.

Hata hivyo sitaki kudai kwamba kila mkusanyo wa chuo umejengwa hivi, na jengo lile lile la Hampton linanikataza kudai hivyo. Hampton ilianzishwa mwaka 1868 kuwasomesha watu weusi waliotoka utumwani, na makumbusho yake ni ya umri huo huo. Mmoja wa wanafunzi wake, William Sheppard, alikwenda Kongo mwaka 1890 akiwa mmisionari wa Kipresbiteri, akafika katika makao makuu ya wafalme wa Wakuba mwaka 1892 baada ya kujifunza lugha yao njiani, na kwa miaka mingi akakusanya nguo za rafia zilizotariziwa, vikombe vya kuchongwa, visu na masanduku. Hampton iliupata mkusanyo huo mwaka 1911, nao mpaka leo ni kiini cha maonyesho yake ya Afrika. Sheppard aliandika alichokipata na matumizi yake, na aliwajua kwa majina watu aliopokea vitu kutoka kwao. Alishuhudia pia ukatili wa utawala wa mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo. Mwaka 1899 aliihesabu mikono 81 iliyokatwa ikikaushwa juu ya moto, na mwaka 1909 alishtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya maandishi yake kuhusu unyonyaji wa mpira, akaachiwa huru. Mkusanyo wake nao una maswali yake, maana mmisionari wa enzi ile hakupewa zawadi katika nchi iliyo huru. Lakini mtu anaweza kuuliza maswali hayo na kupata majibu, kwa kuwa kumbukumbu ipo. Katika jengo moja, basi, tuna vitu vya Wakuba vya zaidi ya miaka mia moja ambavyo vinasema, na vigango vya juzi tu ambavyo ni mabubu. Tofauti kati yao haikuletwa na umri, wala na ufundi wa mchongaji. Imeletwa na namna vilivyoondoka kwao.

Sasa nije kwenye pingamizi, na nianze na lile lenye nguvu kuliko yote. Mwalimu wa sanaa atasema: mwanafunzi hawezi kuielewa kazi ya patasi kwa kutazama picha. Lazima aone unene wa mti, alama ya chombo, rangi iliyofifia, mahali palipolainishwa na mikono. Nakubali kabisa. Kitu chenyewe kinafundisha jambo ambalo picha haiwezi. Lakini kutoka hapo mpaka kusema kwamba ni lazima kiwe mali ya chuo ni mruko mkubwa, na upo ushahidi wa maonyesho yaliyofanyika bila kuuruka. Mwaka 2017 makumbusho ya sanaa ya Krannert, katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Urbana-Champaign, mwendo wa takriban saa moja kwa gari kutoka Illinois State University, yalifungua maonyesho ya sanaa za Waswahili katika upana wa Bahari ya Hindi, yaliyoandaliwa na Prita Meier na Allyson Purpura. Badala ya kutegemea ghala lao, waandaaji waliomba kuazima. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliazimisha, na makumbusho ya Bait Al Zubair ya Muscat yakaazimisha pia. Mwaka 2018 maonyesho yakahamia makumbusho ya taifa ya sanaa ya Afrika jijini Washington, kisha yakaenda makumbusho ya Fowler katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, hadi 2019. Wanafunzi wa vyuo viwili na umma wa Washington waliona vitu vyenyewe, vikiwa na wenyewe wanaojulikana, vikaandikiwa kitabu, vikarudi kwao. Anayeomba kuazima analazimika kuandika barua, kueleza nia yake, kumsikiliza mwenye kitu na kuafikiana naye kuhusu maelezo. Kazi hiyo yote ni elimu, na makumbusho yanayomiliki hayalazimiki kuifanya.

Na hasara je? Husemwa kwamba chuo kikirudisha kimoja kitalazimika kurudisha vyote, na mwisho kabati zitabaki tupu. Makumbusho ya Fowler niliyoyataja ni jibu zuri. Mwaka 1965 yalipewa vitu takriban 30,000 kutoka mkusanyo wa Wellcome, mzigo mkubwa ambao historia yake ilikuwa na mapengo mengi. Yalipofanya uchunguzi wa rejista zake yalitambua vitu saba vya ufalme wa Asante, vingine vilivyoporwa na jeshi la Waingereza Kumasi mwaka 1874, vingine vilivyotolewa kama fidia ya vita ambayo mshindi aliwatoza walioshindwa. Februari 2024, miaka 150 baada ya vita hivyo, vyote saba vilikabidhiwa kwa Asantehene, mfalme wa Asante, katika kasri la Manhyia, bila masharti. Saba kati ya maelfu kwa maelfu. Kabati za Fowler hazikubaki tupu. Kilichopungua ni vitu ambavyo chuo kilishajua hakikuwa na haki navyo. Miezi miwili baadaye, Aprili 2024, British Museum na makumbusho ya Victoria and Albert ya London yalipeleka Kumasi vitu 32 vya Asante kwa mkopo wa miaka mitatu, kwa sababu sheria za Uingereza zinayazuia makumbusho hayo ya taifa kuachia mali zake. Hapa naona jambo ambalo vyuo havijalitafakari vya kutosha. Chuo kikuu kina uhuru ambao makumbusho ya taifa hayana. Chuo Kikuu cha Aberdeen na Jesus College ya Cambridge viliutumia Oktoba 2021, vilipokabidhi kwa wajumbe wa Nigeria kichwa cha shaba na sanamu ya jogoo vilivyoporwa Benin mwaka 1897, wakati makumbusho ya taifa ya Uingereza yakisema mikono yao imefungwa. Lakini uhuru usiotumika haumfai mtu. Mwaka 2024 makumbusho ya anthropolojia ya Chuo Kikuu cha Cambridge, yenye vitu yapata 1,500 vya Uganda, yaliirudishia Kampala vitu 39, tena kwa mkopo. Sheria ile inayoifunga British Museum haikihusu chuo hicho. Kuchagua mkopo pale ambapo mtu angeweza kukabidhi ni uamuzi, na unapaswa kuelezwa hadharani kama uamuzi.

Lipo pingamizi jingine linalovihusu vigango peke yake, nalo nimelikuta likirudiwa katika maandishi ya wapenzi wa sanaa. Vilikuwa vimetelekezwa, wanasema. Wenyewe walihama, na vingeliwa na mchwa. Aliyeviokoa ameuokoa urithi wa dunia. Hoja hii inageuza desturi kuwa uzembe. Kigango kubaki pale mji ulipohamishwa si kukitupa. Ndiyo namna ya kukiheshimu, kwa kuwa hakihamishwi. Na kuoza kwake ni sehemu ya maisha yake, kama vile kaburi la kale linavyozama ardhini bila mtu kudai kwamba wafu wamekosa wa kuwatunza. Anayedai haki ya kukihifadhi kitu milele lazima kwanza athibitishe kwamba waliokitengeneza walitaka kidumu milele. Hapa hawakutaka. Makumbusho yanayoficha jambo hilo ili yahalalishe kabati lake yanamfundisha mwanafunzi kinyume cha kile ambacho kigango kinasema.

Wengine watanigeuzia macho nyumbani, na wana haki. Walioving'oa vigango walikuwa vijana wa pwani. Waliovinunua kwanza walikuwa na maduka Mombasa na Malindi. Dini zimebadilika, na wapo Wamijikenda Wakristo na Waislamu ambao hawataki kumwagia mnazi nguzo yoyote. Kufika Nairobi si kufika nyumbani, na kigango kilichotoka ghala la Marekani kikaingia ghala la Kenya kimepiga hatua moja tu. Yote haya ni kweli, na hakuna hata moja linalompa haki aliyeko Virginia. Mtoto wa mji akiiba, mali haihami ukoo ikawa ya aliyeuziwa. Ukoo ukiwa umeacha ibada ya koma, bado ndio wenye neno la mwisho kuhusu wazee wao: wakiamua kisimamishwe tena, kiwekwe katika makumbusho ya Fort Jesus, au kiachwe kioze, uamuzi huo ni wao. Ila pingamizi hili linatuwajibisha sisi pia. Tukivipokea vigango 67 kutoka Illinois na Denver kisha tukavilaza bila kuwaita wazee wa Kaloleni, Kilifi na Malindi wavitazame, waulizane kuhusu mikono ya wachongaji na wakumbuke vilivyoibwa vilifananaje, tutakuwa tumelirudia kosa lile lile la kumiliki bila kujua.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa pande tatu. Wasimamizi wa makumbusho ya vyuo vya ng'ambo wachapishe rejista zao nzima, pamoja na nafasi zilizoachwa wazi, na kila kigango kipigwe picha na kuwekwa mahali ambapo mwenye mji anaweza kukiona kwa simu yake. Vijana wetu wanaosoma katika vyuo hivyo waingie ghalani, waulize kila kitu kililetwa na nani, mwaka gani, kwa karatasi ipi, na wasikubali jibu la kabila na aina ya mti. Na vyuo vyetu vya pwani, Pwani University iliyoko Kilifi kwenyewe pamoja na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, vitume wanafunzi kwa wazee wa gohu walio hai, na picha za vigango mikononi, kabla ya wazee hao kwisha. Mzee Kalume aliviona vigango vyake kwa mara ya mwisho mwaka 1985. Waliokuwa watoto mwaka huo sasa ni watu wazima wenye wajukuu, na bado wapo wanaokumbuka. Kawaulizeni sasa.